Ngata na Mlima: Ufundi wa Kubeba Katika Historia ya Upare

Historia ya milima ya Upare imeandikwa vizuri kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania. Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa milima hiyo, alitoa kitabu chake juu ya siasa za Wapare kabla ya ukoloni mwaka 1969, na mwaka 1991 akaongeza kingine juu ya uchumi na upinzani wao chini ya wakoloni. Kutokana na kazi hiyo na za waliomfuata tunajua habari za wahunzi wa Ugweno, za mifereji na ndiva (mabwawa ya kuhifadhi maji ya kumwagilia), za misafara ya pembe za ndovu, na za mgogoro wa mbiru, kodi ya enzi ya ukoloni iliyokadiriwa kwa mali ya mtu. Hata hivyo liko jambo lililopita katikati ya habari zote hizo bila kupewa sura yake. Chuma, maji, kuni, vyungu, kahawa na tangawizi, vyote vilipanda na kushuka milima ile juu ya mwili wa mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke mwenye ngata, yaani pete ya kukalisha mzigo, utosini. Ninachodai hapa ni kwamba ubebaji huo ulikuwa ufundi kamili. Ulikuwa na kifaa chake, mafunzo yake na kipimo chake cha nani anajua na nani hajui, nao unastahili kuandikwa kama tunavyoandika uhunzi. Nadai pia kwamba tungeutambua mapema zaidi kama wanaoubeba ujuzi huo wangelipwa kwa kuufanya.

Mlima wenyewe ndio shahidi wa kwanza. Mji wa Same uko kwenye tambarare kavu, chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na juu yake Pare Kusini inapanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462. Kati ya nyika na msitu kuna Chome, Suji, Vudee, Mbaga na Mamba; upande wa kaskazini, katika wilaya ambayo sasa ni Mwanga, kuna Usangi na Ugweno. Juu kuna mvua, migomba na maharage. Chini kuna mifugo, nafaka za msimu na soko. Watu wa juu na wa chini hawakuweza kuishi bila kubadilishana, na njia za kubadilishana zilikuwa vijia vinavyokata mteremko kwa mshazari, vyembamba, vyenye mawe, na vyenye utelezi wakati wa masika. Gurudumu halikuwa na kazi pale. Wanyama wa kubeba walizuiwa na mbung'o wa nyikani na ukali wa miinuko. Kilichobaki ni mtu, na mtu aliyebeba kilo ishirini kwenye kijia cha namna hiyo hana nafasi ya kukosea mahali pa kuweka mguu, wala hana mkono wa ziada wa kujishikilia.

Tuutazame uhunzi kwa jicho hilo. Ukoo wa Washana ulitawala Ugweno kwa nguvu ya chuma mpaka ulipopinduliwa na ukoo wa Wasuya, na hata baada ya hapo majembe na mikuki ya Ugweno iliendelea kwenda Uchagani, ambako watu hawakuyeyusha chuma chao wenyewe. Kila mwanafunzi wa historia ya Tanzania anamjua mhunzi huyo. Lakini chuma cha Ugweno kilitokana na mchanga mzito uliooshwa kwenye vijito, ukapelekwa tanuruni pamoja na mkaa, na tanuru hula mkaa mwingi mno kwa chuma kidogo kinachotoka. Kabla jembe moja halijafuliwa, mizigo mingi ilikwisha kupita kwenye vichwa na mabega ya watu. Tumemwandika aliyeshika nyundo, naye anastahili. Aliyeulisha moto ule hatukumwandika, ingawa bila yeye nyundo isingekuwa na cha kupiga.

Sababu moja ya ukimya huu ni ya kawaida kabisa: kifaa cha mbebaji hakidumu ardhini. Knut Odner alipochimba Usangi miaka ya 1960 alipata vigae, kwa kuwa udongo uliochomwa hukaa karne nyingi. Ngata husukwa kwa majani makavu ya mgomba, kwa nyasi, au kwa kipande cha kanga kilichosokotwa na kuviringwa, na ikichakaa hutupwa shambani ikaoza kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mtaalamu wa mambo ya kale hukikuta chungu bila ngata iliyokibeba. Hata hivyo chungu chenyewe kinatoa ushahidi. Chungu cha maji chenye kitako cha mviringo hakiwezi kukaa juu ya fuvu la mviringo bila kitu cha katikati. Umbo lake linadai pete ya kukikalisha. Tukikubali kwamba vyungu hivyo vilibeba maji, na vilibeba, tumekubali pia kuwapo kwa ngata na kwa mtu aliyejua kuisuka kwa kipimo cha kichwa chake na cha chungu chake.

Ngata inafanya nini hasa? Inautandaza uzito kuzunguka utosi ili usichome mahali pamoja. Inakipa chombo mahali pa kukaa. Inamruhusu mbebaji kuusogeza mzigo kidogo mbele, nyuma au pembeni, hadi uzito uteremke kwa mstari mmoja kupitia pingili za shingo, uti wa mgongo, nyonga na hatimaye nyayo. Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumpa habari. Kidevu kikiinuka, bega moja likishuka, au kiuno kikipinda, ngata huanza kuteleza kabla mzigo haujaanguka, na ngozi ya kichwa huhisi mtelezo huo mara moja. Mtoto anayeanza na kikopo kidogo juu ya ngata ndogo hahitaji maelezo marefu ya namna ya kusimama. Ngata humsahihisha kila hatua, na mama au dada aliye nyuma humalizia. Mzigo huongezwa kadiri shingo inavyokomaa. Halafu kuna sehemu isiyofanywa na mtu mmoja, yaani kutwikwa na kutuliwa. Mzigo ukishakaa kichwani mwili uko salama zaidi kuliko wakati unapoinuliwa au unaposhushwa, ndiyo maana watu husubiriana kisimani, mmoja akamtwika mwenzake, na wa mwisho akajitwika kwa kupiga goti na kupanda kwa hatua. Utaratibu huo ni sehemu ya ufundi sawa na kutembea kwenyewe.

Ukitaka kuona jinsi dunia inavyoheshimu ufundi kama huu ukifanywa mahali pengine, tazama mazoezi ya yoga yanayofundishwa leo Nairobi, Dar es Salaam na Arusha, hasa yale ya mkondo wa B.K.S. Iyengar. Iyengar alizaliwa Bellur, kusini mwa India, mwaka 1918, akiwa mtoto dhaifu aliyeandamwa na maradhi. Alihamia Pune mwaka 1937, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1966. Kilichoupambanua mkondo wake ni mambo mawili: kusisitiza mpangilio sahihi wa viungo katika kila mkao, na kutumia vifaa vya kuuegemeza mwili, kama tofali, mkanda, kamba ya ukutani, kiti na blanketi lililokunjwa. Vifaa hivyo vilikuwa vitu vya nyumbani kabla ya kuwa bidhaa. Hoja yake ilikuwa kwamba kifaa humwezesha hata mgonjwa au mzee kuufikia mkao ulio sahihi, na kwamba mwili ukishauonja mkao huo hujifunza. Mantiki hiyo ndiyo ya ngata: kitu kidogo, cha bei ya bure, kinachokaa kati ya mwili na uzito, kinachofundisha kwa kugusa.

Ulinganisho huu haukubuniwa hapa. Noëlle Perez-Christiaens, Mfaransa aliyesoma kwa Iyengar huko Pune mwaka 1959 na kuwa miongoni mwa waliouleta mkondo huo Ufaransa, aligeuka baadaye kuwachunguza watu wanaobeba mizigo kichwani, wakiwamo wa Burkina Faso, ili aelewe mwili wa binadamu husimamaje wima bila kujikaza. Mwalimu wa yoga wa Paris aliona inafaa ajifunze kwa wabeba mizigo wa Afrika. Sisi tulio nao majirani tumewaona kila siku tukadhani hakuna cha kujifunza. Ni jambo la kusikitisha, na nadhani chanzo chake ni kwamba kazi inayofanywa na kila mwanamke wa kijiji huhesabiwa kuwa si ujuzi wa yeyote.

Sayansi imelitazama suala hili pia, na majibu yake hayakubaliani. Mwaka 1986 G.M.O. Maloiy na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyovifanya kwa wanawake wa Kenya, Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa ukanda wa kipajini. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza hewa ya oksijeni waliyotumia. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu: katika kutembea, mwili hupanda na kushuka kama timazi lililogeuzwa juu chini, ukibadilisha mwendo kuwa kimo na kimo kuwa mwendo, na wabebaji hawa walipoteza nguvu kidogo zaidi kuliko wengine katika mabadiliko hayo. Lakini mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, wasione unafuu huo. Waliona badala yake tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Kuna watakaosema kwamba utafiti huo wa mwisho unaibomoa hoja ya ufundi. Mimi nauona ukiiimarisha. Kama kubeba kichwani kungekuwa zawadi ya maumbile ya mwanamke wa Kiafrika, tungetarajia wote wafanane. Tofauti kubwa kati ya mtu na mtu ndiyo alama ya kitu kinachofunzwa, ambacho wengine hukijua sana, wengine kidogo.

Isitoshe, vipimo hivyo vilifanywa mahali tambarare. Upareni mambo ni tofauti. Mtu anayepanda kutoka Kisiwani au Hedaru lazima aulipie mzigo kwa kila mita anayoiinua, na hakuna mwendo wa timazi utakaomsamehe deni hilo. Akishuka, magoti yake ndiyo yanayolipa. Kwa hiyo ufundi wa Mpare haukuwa wa kuokoa nguvu, au haukuwa wa hilo kwanza. Ulikuwa wa kuulinda mstari wa uzito wakati ardhi inapoinama: kuinamisha mwili kutoka kwenye vifundo na nyonga ili shingo ibaki wima, kupunguza urefu wa hatua, kuuweka mguu wote chini kabla ya kuuhamishia uzito. Wapimaji wangeleta vyombo vyao kwenye mteremko wa Vudee, nadhani wangeuliza maswali mengine kabisa.

Ufundi huu haukukaa palepale karne zote. Karne ya 19 misafara ya kwenda Kilimanjaro ilipita pande zote mbili za milima, kwenye bonde la Pangani na upande wa Gonja na Kisiwani, na wapagazi wake walibeba takriban frasila mbili kila mmoja, yaani kilo zaidi ya thelathini. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, amewatetea wapagazi wa Afrika Mashariki kwa ushahidi mzito: walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye maadili ya kazi, majigambo na migomo. Naikubali kazi yake. Ila naona kwamba mpagazi alipata heshima hiyo katika maandiko kwa sababu alilipwa, na aliyelipwa huandikwa kwenye daftari la mtu. Mwanamke aliyepanda Mbaga na chungu chake hakuwa kwenye daftari lolote, ingawa mteremko wake ulikuwa mkali kuliko njia ya msafara, na safari yake haikuwa na mwisho wa mkataba. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza yaliteremka kando ya reli kupitia Same kuelekea Buiko, na nyuma yao wabebaji waliokusanywa kwa nguvu, ambao jina lao la Kiingereza ndilo lililobaki mjini Dar es Salaam kama Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wabebaji walikufa katika vita hiyo, wengi kwa njaa na magonjwa. Hilo nalo ni sehemu ya historia hii, na halina uzuri wowote.

Reli ile, iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, iliua misafara ya tambarare. Milimani haikuondoa kitu. Garimoshi halikupanda Suji wala Chome. Lilisimama chini, Makanya, Hedaru na Same, na kuanzia hapo kila kilichotoka juu kwenda kuuzwa kilipaswa kuteremshwa, na kila kilichonunuliwa kilipaswa kupandishwa. Pamoja na bidhaa likaja debe la mafuta ya taa. Likishaisha mafuta lilikuwa chombo cha maji cha lita kama kumi na nane, jepesi kuliko chungu, lisilovunjika. Lakini lilikuwa na kitako bapa, pembe nne, na mdomo mpana ambao maji yake huyumba kwa kila hatua. Wabebaji wakabadilika nalo: ngata ikapanuliwa, na juu ya maji likawekwa tawi lenye majani ili kuyatuliza yasimwagike. Dumu la plastiki lenye kifuniko lilipokuja likaliondoa tawi. Mabadiliko madogo kama haya ndiyo yanayoonyesha kwamba watu walifikiri kuhusu kazi yao. Mazoea matupu hayabuni tawi la kutuliza maji.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la haki, na sitaki kulipita haraka. Mtu atasema: unaupamba mzigo. Yoga ni hiari. Mtu hulipa aingie na hutoka anapochoka. Mwanamke wa Upare hakuchagua. Alibeba kwa sababu hakukuwa na bomba wala barabara, na kwa sababu desturi ilimwachia yeye kazi ambayo mume aliiona ya chini. Na shingo zinaumia: tafiti zilizofanywa Limpopo, Afrika Kusini, miongoni mwa wachota maji zimeonyesha maumivu ya shingo na mgongo kuwa jambo la kawaida. Yote hayo ni kweli. Wanawake wenyewe waliyasema. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliposhuka hadi Same kupinga kodi ya mbiru na kukaa huko, kazi zote za nyumbani na shambani ziliwaangukia wanawake, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi waliandamana kumkabili mkuu wa wilaya wakidai mgogoro umalizwe. Mapambano yale hukumbukwa kama ya kodi, lakini upande wa wanawake yalikuwa pia ya miili iliyochoshwa.

Hata hivyo ulazima haufuti ujuzi. Baharia aliyesukumwa na njaa kwenda baharini bado anajua upepo. Tena, ni ulazima huohuo unaofanya ujuzi uwe suala la afya: mzigo usipokwepeka, anayejua kuubeba ataumia kidogo kuliko asiyejua, na tofauti hiyo huonekana shingoni akifika uzeeni. Kusema kwamba wanawake waliteseka tu ni kuwanyang'anya mara ya pili, maana walifikiri pia, wakabuni, wakafundishana. Naweza kutamani mzigo uishe na wakati huohuo nikataka ujuzi uandikwe, na sioni mgongano kati ya matakwa hayo.

Wapo pia watakaosema kwamba yoga ni njia ya kiroho yenye maandiko ya kale, na kuilinganisha na uchotaji maji ni kukosea adabu pande zote mbili. Sijailinganisha yoga nzima. Nimechukua sehemu moja, matumizi ya kifaa kuupanga mwili kwenye mstari wa uzito, na kwa sehemu hiyo naona ulinganisho unasimama. Wala sidai kwamba Upare ulikuwa peke yake. Ngata iko kuanzia Pwani hadi Kongo. Nimeichagua Upare kwa sababu mwinuko wake unalifanya tatizo kuwa gumu kuliko kwingi, na kwa sababu historia yake iliyoandikwa vizuri inalionyesha pengo hili waziwazi.

Pengo hilo lina muda wa kuzibwa, na muda huo unapungua. Bodaboda sasa hupanda njia ambazo zamani zilikuwa za miguu. Barabara nyingi za vijijini, zikiwamo zilizochimbwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, zimefungua milima. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe unachota kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu ili bomba lifanye kilichofanywa na vichwa. Haya ni mema, na hakuna mwenye haki ya kuyaonea uchungu. Lakini wazee waliojifunza kwa chungu na debe bado wako hai, na kwa safari fupi tu ya barabara kutoka Same, mjini Moshi, hospitali ya KCMC ina chuo cha wataalamu wa tiba ya viungo, na tangu mwaka 1981 kuna TATCOT, chuo kinachofundisha kutengeneza viungo bandia na vifaa vya kuusaidia mwili kusimama na kutembea. Wanafunzi wa vyuo hivyo husomea shingo, nyonga na mgongo kwa vitabu vilivyoandikwa mbali. Wakipewa mwezi mmoja wa kukaa Mamba, Chome au Usangi pamoja na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna maswali mahususi ya kuuliza: msichana alianza na uzito gani, na uliongezwa lini, ngata ya chungu ilitofautianaje na ya kuni, mjamzito aliruhusiwa kubeba mpaka mwezi gani, na nani aliamua, aliyeumia shingo alikandwa vipi na alirudi njiani baada ya muda gani, na kwenye mteremko ulioloa, macho huangalia wapi.